Sauti Inayoanza Gia ya Tatu

Makongeni nzima ilijua kwamba Mzee Wanyoike ananunua gari kabla Wanyoike mwenyewe hajapata habari. Na ingekosaje kujua? Mke wake, Wangeci, ana hoteli ya chapati na githeri inayotazamana na steji ya bodaboda, na neno likidondoka pale saa mbili asubuhi, kufikia saa nne limeshazunguka Thika na kurudi limenenepa. Siku hiyo Wangeci alikuwa amemnong'oneza Selpha tu, rafiki yake anayeuza omena na mboga mlango wa pili, kwamba pesa ya mzee ya kustaafu inakaa bure, afadhali iwe gari la kuwafikisha shambani kwao Ngoliba. Selpha akaapa kwamba hatamwambia mtu. Saa ya chakula cha mchana haijaisha, wateja watatu walikuwa wameshauliza ni la rangi gani.

Lakini kulikuwa na kitu kimoja ambacho Wangeci hakumwambia hata Selpha, na Wangeci si mtu wa kukalia habari. Shamba lilikuwa kisingizio. Alitaka gari kwa sababu mume wake alikuwa amenyamaza, na yeye ndiye pekee aliyejua mahali sauti yake ilipobaki.

Si kwamba walikuwa wamekosana. Wanyoike aliendesha lori la mananasi miaka thelathini na mitano, na siku aliporudisha funguo walimpa saa ya ukutani, wakakata keki, wakampiga picha ameishika ile saa kama mtoto wa kuazima. Tangu siku hiyo, na sasa ni miaka miwili, alikuwa mtu mwema anayekaa kwenye kiti. Alisalimia wageni, alikula alichopewa, alikaza bawaba za milango isiyokuwa na shida yoyote. Nyumba ikiwa imejaa watu, na nyumba ya Wangeci hujaa, yeye alikuwa pale katikati kama kabati. Kilichopotea ni mvumo.

Mvumo huo Wangeci aliusikia mara ya kwanza akiwa na miaka ishirini na miwili, amepewa lifti na magunia mawili ya maharagwe kutoka Ngoliba. Dereva alikuwa kijana mrefu asiyekuwa na maneno. Gia ya kwanza, kimya. Ya pili, kimya. Barabara ikafunguka, lori likaingia gia ya tatu, na hapo ikaanza sauti nzito ya chini, ndefu, ikipanda kidogo na kushuka kidogo, kama besi wa kwaya ambaye wenzake wameenda nyumbani wakamwacha anaendelea. Wangeci alidhani ni injini. Walipofika Thika, injini ikazimwa, na ile sauti ikaendelea kidogo peke yake kabla nayo haijazimika. Akageuka kumtazama dereva. Midomo ilikuwa imefungwa kabisa. Kijana hakujua kwamba anaimba.

Basi akaolewa na hiyo sauti. Mwaka wa kwanza wa ndoa alifanya kosa ambalo hajawahi kulirudia: mbele ya shemeji zake wanne, wakiwa wamekaa kula, alicheka akasema huyu ndugu yenu akishika usukani anavuma kama mzinga. Wote wakacheka. Wanyoike alicheka pia, kisha akaendesha lori mwaka mzima amebana midomo, akijisikiliza. Mwaka mzima. Ulipokuja kurudi, huo mvumo, Wangeci aliupokea kama anayepokea paka aliyepotea: hakusema neno, hakugeuza hata shingo. Tangu hapo hajawahi kuutaja.

Na hautoki tu hivi hivi. Hautoki bafuni wala kanisani, wala mzee akiwa abiria kwenye gari la mtu. Unatoka akiendesha, na lazima awe anaendesha kitu anachokipenda.

Mambo hayo angemwelezaje Tabby?

Tabby ni binti yao mkubwa. Anafanya kazi kwenye ofisi ya bima huko Ruiru, anashinda akisoma karatasi za magari yaliyozimika na yaliyogongana, na aliposikia kuhusu gari hakupiga kelele wala hakuuliza rangi. Alifika Jumapili na jedwali. Lilikuwa limepigwa chapa, kurasa mbili, magari sita yamepangwa kwa foleni, na kila gari likiwa na nambari zake: injini, kilomita kwa lita, sekunde za kufika mwendo wa mia, bei ya spea, mara ngapi linaharibika, ukitaka kuliuza baada ya miaka mitano utapata ngapi. Akalisoma lote, meza nzima imetulia. Toyota Fielder, otomatiki, lilikuwa limewashinda wenzake karibu kila mahali.

Wanyoike alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akauliza, kwa heshima zote, hizo sekunde za kufika mia ni mia ya kwenda wapi.

Watu walicheka, na Tabby akacheka, lakini hakuweka karatasi chini. Wangeci alijua sababu, na baba mtu aliijua zaidi. Siku Tabby anapelekwa kidato cha kwanza, Wanyoike alimbeba kwa gari dogo kuukuu alilokuwa analipenda kuliko maelezo, gari alilojitengenezea mwenyewe kwa mabaki ya magari mengine matatu. Lilizima kilomita moja kabla ya geti. Tabby alishuka akasukuma, sare mpya, soksi nyeupe, godoro juu ya paa, na wasichana wa kidato cha pili walikuwa wamepanga mstari kando ya ua wakitazama. Aliingia shule na alama ya mkono wa baba yake wenye oili mgongoni mwa sweta, na kwa miaka minne waliomjua walimwita Sukuma. Kwa hivyo zile nambari hazikuwa kiburi. Tabby aliwapenda wazazi wake, akawapenda kwa kilomita na lita, ili wasije wakakwama mahali penye jua kali bila mtu.

"Ni gari nzuri," akasema Wanyoike. Alisema hivyo hivyo kuhusu uji wa hospitali.

Usiku huo huo Tabby akaandika kwenye kundi la familia kwamba Fielder limepita. Selpha, ambaye si wa familia ila yumo kwenye kundi, akaitisha kikundi chao cha kufuma vitambaa. Katika wiki moja vikawa tayari vitambaa vitano vya viti, vyeupe, vyenye maua ya manjano pembeni, vimepimwa kwa Fielder la mwalimu mmoja jirani. Mchungaji akapewa tarehe ya kuja kuombea gari: Jumapili ijayo, baada ya ibada, na chakula kitakuwepo. Kwa maneno mengine gari lilikuwa na nguo, lilikuwa na siku ya kubarikiwa, na halikuwa bado limenunuliwa.

Jumamosi wakaenda Ruiru, kwenye yadi ya magari kando ya bypass. Tabby aliwapokea pale na mumewe Odhiambo, ambaye ana gereji yake hapo hapo Ruiru na masikio ambayo watu huyafuata kutoka Juja. Odhiambo akisimama karibu na injini hafungui chochote kwanza. Anainamisha kichwa na kusikiliza, kama daktari. Mwenye yadi alikuwa kijana mnene mchangamfu anayeitwa Mwas, aliyemwita kila mwanamume mzee na kila mwanamke mathe, na ambaye alishafuta Fielder lile jeupe mpaka mtu angeweza kujipaka mafuta akijiangalia kwenye mlango.

Wakapanda wote. Wanyoike usukanini, Odhiambo kando yake, Wangeci na Tabby nyuma. Wakaenda mpaka karibu na Juja na kurudi, dakika ishirini. Wangeci hakutazama dirishani. Alitazama shingo ya mume wake. Gari lilikuwa tulivu, lilikuwa laini, lilipita matuta kama halijaambiwa kuna matuta, na kwa sababu lilikuwa tulivu hivyo, ule ukimya wa mzee ulisikika mpaka kwenye viti vya nyuma. Barabara ikafunguka. Gari likajibadilisha gia lenyewe, bila kumuuliza mtu. Wangeci akangoja. Hakuna.

"Haina shida," akasema Wanyoike walipofika, akashuka na kufunga mlango polepole kama mtu anayetoka chumba cha mgonjwa.

Tabby akaingia ofisini na Mwas kuangalia karatasi. Na hapo ndipo Wanyoike alipopotea. Walimkuta nyuma ya yadi, mahali pa kuoshea magari, amesimama mbele ya pikapu ya Peugeot 504, ya zamani, rangi ambayo pengine iliwahi kuwa ya samawati, imebeba tangi la maji na kuku wawili wamelala chini yake. Mkono wake ulikuwa juu ya boneti. Hakuwa anagusa gari. Alikuwa amelishika, kama vile unavyomshika bega mtu mliyesoma naye.

Mwas alisema hiyo si ya kuuza, ni ya kubebea maji ya kuosha magari mengine, na akaongeza kwa haraka kwamba lakini kila kitu kina bei yake. Tabby aliuliza inakunywa mafuta kiasi gani. Mwas akakuna kichwa akasema inakunywa kama wajomba kwenye harusi. Inakimbia? Hapana, dada, haikimbii, lakini inafika. Na spea? Hapo Mwas akaangalia kuku.

"Wacha niisikie tu," akasema Wanyoike. "Mara moja."

Hakuwa ameomba kitu tangu ile saa ya ukutani. Tangi likashushwa.

Sasa ikazuka shida ndogo, na msomaji wa nyumba nyingine asicheke. Pikapu ile ina kiti kimoja kirefu cha watu watatu. Fundi alikuwa lazima aende, kwa sababu masikio ni yake. Wangeci naye alikuwa ameshaingia, na kwa namna alivyokalia kile kiti ilionekana wazi kwamba hashuki. Ilimaanisha Odhiambo akae bega kwa bega na mama mkwe wake. Kwao Odhiambo, jambo hilo halifanyiki. Mkwe na mama mkwe huheshimiana kwa umbali: hawashikani mikono, hawabanani kwenye kiti, na ikiwezekana mmoja hamkuti mwenzake akitafuna. Wakikuyu wa rika la Wangeci nao wana haya zao katika uthoni, yaani ukwe. Kwa miaka sita hao wawili walikuwa wamependana vizuri sana kutoka pande mbili za chumba. Kwa hivyo Odhiambo aliufunga ule mlango kwa nje. Alizunguka, akapanda nyuma, akashika chuma na kuinama karibu na dirisha la nyuma la kichwa cha gari, ambalo kioo chake kilivunjika zamani na mahali pake pakawekwa wavu wa kuku. Akagonga bodi mara mbili. Mara mbili ni twende, mara moja ni simama. Hilo hata watoto wa Makongeni wanalijua.

Wakachukua barabara ya Kiambu, ile inayopinda kwenye mashamba ya kahawa. Gia ilikuwa ya mkono, inatokea sakafuni, na kila Wanyoike alipoivuta kwenda ya pili ngumi yake iligusa goti la Wangeci. Wangeci hakusogeza goti.

"Unasikia?" akasema Wanyoike. "Inakwambia. Kabla hujauliza." Akanyoosha mgongo. Wangeci hakujua kwamba ule mgongo bado unaweza kunyooka.

Kona moja, kona ya pili. Kahawa pande zote, imetoka kunyeshewa. Barabara ikanyooka, mzee akakanyaga klachi, akaingiza gia ya tatu kama mtu anayerudisha kitabu mahali pake kwenye rafu.

Ikaanza.

Chini kabisa mwanzoni, hata Wangeci alidhani ni gari, kama alivyodhani msichana yule wa magunia ya maharagwe. Kisha ikapanda kidogo, ikashuka kidogo. Ilikuwa imezeeka. Ilikuwa na mkwaruzo ambao haukuwepo. Wangeci aliangalia mbele, moja kwa moja, macho hayapepesi, kwa sababu angepepesa yangemwagika, na mume wake angeuliza kuna nini.

Halafu bodi likagongwa. Mara moja. Simama.

Odhiambo akaruka chini, uso umekunjwa kikazi. Kuna sauti, akasema. Beringi ya gurudumu, au mbaya zaidi, ndani ya giaboksi. Inavuma. Inaanza gia ya tatu, ukipunguza inapotea.

"Mimi sijasikia kitu," akasema Wanyoike.

"Iko, baba. Turudie pole pole, na wewe usikilize."

Wakarudia. Wanyoike akaendesha kwa makini, sikio limeelekezwa kwenye magurudumu, midomo imebanwa kwa kusikiliza. Gia ya tatu, kimya. Wakageuza, wakarudia tena. Kimya. Odhiambo akatikisa kichwa kwa huzuni na kusema sauti inayokuja na kuondoka ndiyo mbaya kuliko zote, kwa sababu huijui kwao ni wapi. Wangeci alikaa katikati ya mambo hayo amejikunyata, kicheko kimemkaba upande mmoja na kilio upande wa pili, na hakuweza kutoa chochote kati ya hivyo viwili.

Yadini Tabby aliposikia habari ya sauti, hakutamba. Alikunja tu lile jedwali, taratibu. Alisema ni ile ile, ni ile ya kidato cha kwanza imerudi na rangi nyingine, na kwamba hana nguvu ya kupokea simu usiku kwamba wamekwama huko Ngoliba.

Wangeci alifungua mdomo, lakini Wanyoike alimtangulia. Aliondoa mkono kwenye boneti.

"Tuchukue ile ya karatasi," akasema. "Huyu mtoto alisukuma gari. Na mimi nilikuwa ndani nimekaa." Akaenda kuwatazama wale kuku.

Kwa hivyo ndiyo ilikuwa imeisha. Mwas alikuwa ameshaingia ofisini kutafuta kalamu. Wangeci alijua kwamba maneno matatu tu yangetosha kuokoa ile pikapu, na ni maneno yale yale matatu yangeuua mvumo: angemwambia Tabby mbele ya watu kwamba ni baba yako, naye Wanyoike angesikia, na angebana midomo. Safari hii hakukuwa na miaka mingi ya kungoja urudi.

Odhiambo alikuwa bombani, ananawa grisi. Wangeci akamwendea. Kijana akamwona anakuja, akarudi nyuma hatua mbili, macho kwenye mikono yake. Wangeci akasimama ng'ambo ya tangi la maji, ili heshima nayo ipate mahali pa kukaa.

"Odhiambo. Hiyo sauti."

"Ndiyo, mama."

"Inaanza barabara ikiwa wazi."

"Ndiyo. Na ndiyo maana inanishinda, kwa sababu beringi haichagui bara..."

"Na akijua unamsikiliza, inapotea."

Odhiambo akaacha kunawa. Maji yakaendelea kutoka. Kwa mara ya kwanza katika miaka sita alimwangalia mama mkwe wake usoni, na alipoona kilichokuwa pale akatazama tena chini, upesi, kama mtu aliyefungua mlango usio wake.

"Miaka thelathini na sita naijua," akasema Wangeci. "Hii miwili nimeitafuta kila mahali. Ukiitengeneza, mwanangu, utakuwa umenimaliza."

Hakuwahi kumwita mwanangu. Odhiambo akafunga bomba, akakausha kidole kimoja kimoja kwa kitambaa, kazi ndefu.

"Yeye mwenyewe anajua, mama?"

"Hajui. Na asijue."

"Sawa," akasema Odhiambo. Basi. Akaondoka, akimpisha kwa mbali.

Tabby alikuwa ameshika kalamu aliposikia mumewe akikohoa. Odhiambo alisema ameifikiria ile sauti. Haitoki kwa gurudumu, haitoki kwa giaboksi. Alikuwa nyuma, upepo ulimchanganya. Tabby akamkumbusha kwamba robo saa iliyopita alikuwa karibu kuizika hiyo gari. Odhiambo akakubali, akasema hata fundi hukosea.

"Sasa inatoka wapi?"

"Mbele. Lakini si ya kutengenezwa. Ni ya kuachwa tu."

"Na ikiharibika wakiwa barabarani?"

"Siku itanyamaza," akasema Odhiambo, "hiyo siku ndiyo uogope."

Tabby alimtazama, akamtazama mama yake, ambaye alikuwa ghafla anapenda sana mawingu. Tabby si mjinga. Alijua ameachwa nje ya kitu. Lakini alijua pia kwamba mumewe hajawahi kumdanganya kuhusu gari, hata ya adui. Akaenda mahali baba yake alipokuwa, akasimama kando yake, wote wawili wakiangalia kuku.

"Baba, unaipendea nini hiyo?"

Wanyoike alimsogeza kuku mmoja kwa ncha ya kiatu. Wangeci alikuwa anasikia kila kitu, kama kawaida yake.

"Kwa ile nyeupe nilipelekwa," akasema mwishowe. "Vizuri sana. Sina lawama. Lakini kwa hii nilienda." Akaona kama hajajieleza, akaongeza: "Miaka miwili napelekwa, Tabby. Mpaka kitandani napelekwa."

Tabby akasogea kwenye pikapu. Alifungua lile jedwali, akaliweka juu ya boneti ya pikapu, akalilainisha kwa kiganja, na chini kabisa, chini ya magari sita, akachora mstari wa saba kwa kalamu. Akaandika jina. Kwenye mafuta akaandika mbaya. Kwenye sekunde za kufika mia akaandika haifiki. Kwenye spea akaandika jina la mumewe. Kisha akampa baba yake masharti, kwa sauti ya ofisini: Odhiambo ataikagua kila mwezi, simu iwe na chaji, Ngoliba ni kwenda na kurudi mchana.

"Ndiyo, afande," akasema Wanyoike.

"Na ikizima," akasema Tabby, "wewe ndiye unasukuma. Mimi nashika usukani."

Jumapili Makongeni ilihamia kwa Wangeci. Kulikuwa na pilau, kulikuwa na chapati mpaka watu wakaacha kuhesabu, na Selpha alikuwa na vitambaa vitano vya Fielder mkononi mbele ya kiti kimoja kirefu. Alinuna kwa dakika tatu, kisha akavilaza vitatu kitini, cha nne akakitandaza juu ya dashibodi, na cha tano, kwa kuwa hakufuma ili kirudi nyumbani, akalivika gurudumu la akiba. Mchungaji, aliyekuwa ameandaa maneno tangu wiki iliyotangulia, aliibariki hiyo pikapu kwa jina la Fielder, kwa moyo wote, na hakuna aliyekuwa na ujasiri wa kumkatiza. Odhiambo alikula upande wake wa uwanja. Wangeci alimpelekea paja la kuku, kupitia mtoto wa jirani, na lilikuwa paja kubwa.

Kisha ikabidi watu watembezwe, maana gari likiombewa lazima lionekane. Kumi na kitu wakapanda nyuma, Selpha katikati kama malkia, Tabby na Odhiambo mbele kabisa wameshika chuma, karibu na ule wavu. Wangeci akaingia kando ya mume wake. Akatamani wasingepanda wote. Watu wote hao, masikio yote hayo. Si atabana midomo?

Wakatoka barabara ya Garissa, ile inayoelekea Ngoliba, ile ya magunia. Gia ya kwanza, watu wanashangilia. Ya pili, ngumi ya mzee ikagusa goti, na huko nyuma wakawa wanabishana kuhusu nani amekanyaga nani. Nyumba zikaisha. Barabara ikafunguka, nyasi kavu pande zote. Wanyoike akaingiza gia ya tatu, akatazama mbali, na kwa uso wake Wangeci aliona kwamba amewasahau wote, hata yeye.

Ikaanza, chini, na mkwaruzo wake.

Nyuma ya wavu, Tabby alikuwa anamwambia mtu jambo. Akaacha katikati ya neno. Wangeci alimsikia akiuliza, kwa sauti ya chini, "Ndiyo hii?" Palikuwa na kimya kirefu pale nyuma ya shingo yake, kimya cha mtu anayerudi utotoni, kwenye kiti cha nyuma cha gari dogo kuukuu, kabla ya geti, kabla ya kusukuma, wakati barabara ilikuwa bado nzuri.

Wangeci hakugeuka. Alitia mkono chini ya kitambaa cha Selpha, akashika kiti.

Halafu bodi likagongwa, polepole, karibu kabisa na sikio lake. Haukuwa mkono wa fundi. Ulikuwa mwepesi, na pete ilisikika kwenye chuma. Mara mbili.